Jina Lililoungua Kumbini

Hapana. Usinambie kaka yangu hakutaka kurudi kwao. Na wewe mwingine, unayecheka ndani ya kikombe, usinambie karudi mtoto. Shikeni moja. Maana waliosema lile ndio hao hao wanaosema hili, midomo ile ile, baraza ile ile, na kahawa ile ile ya kununuliwa na mtu mwingine.

Mie naeleza ninachokijua. Shule yangu iliishia darasa la nne, Kireno nimejifunza mwenyewe, kuandika najifunza mpaka leo, lakini mdomo Mungu kanipa wa kutosha. Majina sitaji. La kaka sitaji, la mama sitaji, hata la mbwa wa jirani sitaji. Ukifika mbele utajua kwa nini nyumba yetu imechoka na majina.

Kaka yangu ni fundi wa mashine za boti. Alianzia kisiwani Vamizi, kwenye hoteli ya watalii, halafu akawa anakwenda kisiwa cha Rongui kuwatengenezea wavuvi. Maisha yake yalikuwa hayo, mafuta machafu kwenye kucha na redio ndogo sikioni. Kisha gesi ikaanza kusemwa. Palma, mji wetu huku Msumbiji, ikajaa watu ambao hatukujua wametoka wapi. Chumba cha udongo alichokuwa analala mbuzi wa mjomba kikapakwa chokaa, kikapangishwa mhandisi. Kila mtu akasema sasa kazi zimekuja zenyewe mpaka mlangoni. Kaka akavaa shati lake la sikukuu ya Idi, akaenda kambini kwa watu wa gesi kuomba. Wakamuuliza cheti cha ufundi, hana. Wakamuuliza kwa Kireno, hajui. Akarudi, akalivua lile shati, akalikunja vizuri.

Ndipo akavuka Ruvuma kwenda Mtwara. Watu wa dunia nzima wanakuja kwetu kutafuta kazi, na wa kwetu anaondoka kwenda kutafuta kwao. Mtwara alimpata wakala, akaandikiwa makaratasi ya ubaharia, akapanda meli ndogo ya chuma iliyokuwa inabeba mbuzi kutoka pwani ya Wasomali kupeleka Yemeni. Vita ya Yemeni ilikuwa imeshaanza. Wakala alisema vita ipo milimani, bandarini watu wanafanya biashara zao kama kawaida.

Meli ikaingia bandarini asubuhi, na bandari ile ilikuwa imebadilisha wenyewe wiki hiyo hiyo. Waliokuwa na bunduki wakasema mbuzi hawa ni chakula cha adui. Mabaharia wote wakatiwa ndani. Wakala alitupigia akamwambia mama mtu wenu kashikwa, kisha akaizima simu yake, na mpaka leo haijawashwa.

Sikulia. Nasema kweli, maana wako waliosema dada yake hana uchungu. Kazi yangu ilikuwa kufua mashuka ya kambini. Siku ile nilikwenda kazini nikafua. Kesho yake nikafua. Nilikuwa naona mikono yangu inasugua, povu linapanda, na mie nipo pembeni natazama kama namtazama mtu mwingine anayelipwa mshahara wangu.

Kireno changu nimekiokota kwenye televisheni, kwenye tamthilia za Kibrazili tulizokuwa tunachungulia dirishani kwa jirani mwenye jenereta. Kwa hiyo Kireno changu ni cha mapenzi. Nikisema "subiri kidogo" nasikika kama mke aliyeachwa jana. Wenzangu wa Palma waliosoma wananicheka. Lakini nyumbani hakukuwa na mwingine, basi mie ndiye nikawa mdomo wa familia. Nikaenda kwa wakubwa wa wilaya, wakasema hili ni la Pemba, mji wa mkoa wetu, si kile kisiwa. Nikapiga Pemba, wakasema hili ni la Maputo. Nilipiga Maputo mpaka sauti ya ile simu ya kungojea nikawa naiota. Mwisho akapokea mwanamke mmoja wa wizara inayoshughulika na nchi za nje. Akasema, ninakusikiliza, sema polepole. Tangu wakala azime simu yake, huyo alikuwa mtu wa kwanza kuniambia ananisikiliza. Nyumbani tulimwita Senyora, ndiyo Bimkubwa ya Kireno.

Senyora alinieleza mambo yalivyo bila kunipaka mafuta. Nchi yetu haina ubalozi kule, na hata ungekuwepo ungekuwa umeshafungwa. Serikali haiwezi kuongea na wenye bunduki moja kwa moja. Ila iko nchi moja ya Kiarabu inayosikilizana na pande zote mbili, na nchi hiyo imekubali kutuma mjumbe. Maputo inamwambia mjumbe, mjumbe anawaambia wenye bandari, wanajibu, jibu linarudi. Nikamwambia mama ni kama posa. Mshenga anakwenda, mshenga anarudi, na wenye binti wanajifanya hawana haraka. Mama akasema posa huwa mtu anajua binti yuko ndani. Sisi hatujui hata kama yuko.

Sasa hapa ndipo penye shida, na wasiotoka pwani yetu wanisikilize vizuri.

Kwetu mtoto wa kiume akipelekwa kumbini, yaani kwenye kibanda cha jando kule porini, anaingia na jina alilopewa alipozaliwa. Akimaliza, kibanda kinachomwa moto, nguo alizoingia nazo zinachomwa, na lile jina linachomwa. Anatoka na jina jingine, kapewa na nyakanga, mzee mwenye kusimamia jando. Kuanzia siku hiyo yule mtoto hayupo, kaungua. Kumwita mtu mzima kwa jina la kabla ya kumbi ni kumwambia hajatahiriwa, mbele za watu. Nimeona wazee wenye mvi wakikamatana mashati kwa ajili hiyo. Mie kaka alitoka kumbini sijazaliwa. Jina lake la utoto sikuwahi kulisikia katika maisha yangu yote.

Lakini serikali haiingii kumbini. Serikali ilimwandika akiwa mchanga, na bilhete yake, kile kitambulisho cha taifa, ikafuata vilevile. Nusu ya wanaume wa hapa wako hivyo, jina la karatasi na jina la mtu, na hakuna aliyeona tatizo, maana karatasi inakaa sandukuni na mtu anakaa barazani. Makaratasi ya Mtwara kaka aliandikisha jina lake la mtu. Kwa hiyo kule kifungoni wanamjua kwa jina moja, na Maputo wakitafuta jina hilo kwenye mashine zao hawalioni. Senyora akasema, nchi haiwezi kumdai mtu ambaye haimjui. Nipe jina la kwenye bilhete.

Nilimwomba mama. Mama aliingia ndani akakaa sana, akatoka na kile cheti cha kuzaliwa kimefungwa kwenye kitambaa, akanipa bila kunitazama, akatoka uani. Nikalisoma. Jina la kawaida tu, la mtoto. Nikaona ninamwona kaka uchi.

Sikulitamka. Nilimsomea Senyora herufi moja moja, kwa Kireno, kama mtu anayesoma namba ya gari. Akauliza kwa nini silisemi tu. Nikamweleza yote, kumbi, moto, tusi. Nikampa na jina la pili, nikamwambia mjumbe aite kwa hili, hili la kwanza liwe la karatasi peke yake. Alisema ataandika yote mawili, na ninaamini aliandika. Lakini kutoka Maputo mpaka geti la kule kifungoni maneno yalipita vinywa vingi, na kila kinywa kilibeba kile tu kilichokuwa na muhuri.

Zilipita mvua na zikaisha. Huku Palma magari ya kupima ardhi yakawa mengi kuliko ya abiria. Kila wiki mkutano, kila wiki kipaza sauti, watu wa gesi wakieleza nani atahamishwa wapi. Mie nilikwenda kwenye mikutano ile kwa sababu moja, nikimwona mkubwa kutoka Maputo nimfuate kwenye gari nimuulize habari za kaka. Wakanizoea. Mmoja alikuwa akiniona anafunga kioo.

Kisha redio ikatangaza kwamba raia wa Msumbiji waliokuwa wameshikwa Yemeni wameachiwa. Mama alikuwa anapepeta mchele. Majirani walijaa kabla ungo haujatua. Walikuwa wawili, mmoja wa Nakala na mmoja wa Kilimani, miji ya kusini kwetu. Redio ikasema wawili, ikaendelea na mpira.

Senyora alipiga jioni. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyebeba kitu kizito anatafuta pa kukiweka. Alisema mjumbe alifika mpaka uani kwenye wafungwa. Akaita majina matatu. Wawili walijitokeza. La tatu aliita, akarudia, hakuna aliyeitika. Wenye bandari wakasema basi, huyo mtu wenu hayupo, na sisi tumetimiza.

Nikamuuliza, "Aliita jina gani?"

"Lile lenye muhuri," akasema. Ndiyo jibu nililolipata.

Hapo ndipo mlipoanza. Mwenzake mmoja wa jando moja, mnayemjua, anauza vocha karibu na msikiti, alisema kaka kapata mke wa Kiarabu. Mwingine akasema kapewa bunduki kaona tamu. Ikawa ndiyo habari ya mji, kijana wa Palma kaitwa na serikali yake arudi kwao kakataa. Mama akipita sokoni wanapunguza sauti. Nilipigana na mwanamke mmoja kwenye bomba la maji kwa ajili hiyo, nikampasulia ndoo yake, na sijutii.

Yule wa Nakala ndiye aliyetuambia ukweli. Aliitafuta namba yetu mwenyewe, Mungu amlipe. Alisema kaka yenu yupo hai, alikuwa kasimama ubavuni kwangu. Jina la tatu lilipoitwa nilimwona anageuka huku na huku, anatazama watu wote usoni. Nikadhani anamtafuta rafiki yake.

Kaka mwenyewe alinieleza baadaye, kwa maneno machache kama kawaida yake. "Nilisikia jina. Nikamtafuta huyo mtoto kwa macho."

Alikuwa hapati usingizi, alikuwa anapigwa, na jina lile hakuna aliyemwita nalo tangu ana meno ya utoto. Kwake huyo alikuwa mtoto aliyekufa. Alishangaa tu mtoto anafanya nini mahali pale.

Nikampigia Senyora nikamwambia badilisheni jina, aitwe lile jingine. Akasema hawezi. Kumtuma mjumbe mara ya pili yenyewe imekuwa kazi, wenye bandari wanashuku. Tukibadilisha jina watasema tunaokota watu, wataanza kuomba vitu. Jina ni lile lile. Kinachowezekana, akasema, kuna watu wa misaada wanaoruhusiwa kuwatembelea wafungwa, wanachukua salamu za nyumbani kwa sauti, fupi, mambo ya familia tu, na wenye bandari wanamweka mtu wao azisikilize kwanza. Mtumieni salamu. Mwambieni akiitwa aitike.

Rahisi kusema. Mie nilitaka nirekodi pale pale. Mjomba ndiye aliyenizuia. Kwetu mjomba, kaka yake mama, ndiye mwenye watoto, baba hupita tu. Mjomba wangu ni mtu mfupi mwenye hasira ndefu, na hizi zangu nimezichota kwake. Alisema, "Unataka nimrudishie mpwa wangu govi lake? Tena kwa sauti ya mdogo wake wa kike? Akikusikia wewe unamwambia hivyo atajua huku tumeshakuwa wendawazimu. Hataitika. Atakufa na aibu yake mdomoni."

Nikamwambia basi mwambie wewe. Akasema na yeye hana ruhusa. Jina lililochomwa anaweza kulifukua aliyelichoma, peke yake. Akachukua kofia yake akaondoka, nikajua kakataa.

Asubuhi nilipotoka kwenda kumtafuta nyakanga, nilimkuta mjomba kakaa juu ya pikipiki ya kukodi mbele ya nyumba. Hakunisalimia. Akasema panda.

Nyakanga alikuwa anaishi kijiji cha Mute, kwenye barabara kuu. Msimfikirie mzee wa hekima anayesubiri kuulizwa. Tulimkuta shambani kwake anagombana na vijana wa kupima ardhi waliopiga alama ya rangi nyekundu kwenye mikorosho yake. Alikuwa anawauliza nani kawatuma kuipaka miti yake hina, mikorosho ni bibi harusi? Sikio moja lilikuwa limekufa, na alitaka kila kitu aambiwe kwenye lile jingine. Mjomba akamweleza kwa muda mrefu, akirudia. Mzee akanitazama mie.

"Huyu ndiye yule anayeongea kama redio?"

Mjomba akasema ndiye.

"Basi aende mbali."

Alisema atalisema jambo hilo, atamruhusu mwanawe wa kumbini alichukue jina la majivu kwa safari moja, kutoka kule mpaka nyumbani, kisha alirudishe. Lakini yapo maneno yake, na maneno hayo mwanamke hayasikii. Akataka jogoo. Jogoo nilikuwa nimembeba, maana njiani mjomba alinambia tumnunue. Nikawasha simu, nikamwonyesha mjomba pa kubonyeza, nikaenda zangu.

Nilikaa kando ya barabara. Malori yalikuwa yanapita na makontena, moja nyuma ya jingine, vumbi linanijaa kwenye meno. Nilijaribu kuwaza habari za kaka nikashindwa. Nikawa nasoma maandishi ya ubavuni mwa makontena. Mjomba alipokuja kunipa simu macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni vumbi.

Sijaisikiliza. Mie, ambaye hakuna neno la mji huu lisilopita kwangu. Nilimtumia Senyora, akauliza inasema nini, nikamwambia sijui, mie mwanamke. Halafu akasema, "Basi na mimi sitaifungua. Nitamtafuta mwanamume." Mwanamke msomi wa Maputo, ana ofisi, ana dereva. Ningemwona siku ile ningemfulia nguo zake bure mpaka nife.

Nyakanga akafa kabla ya jibu. Alianguka shambani kwake kwenye ile mikorosho, wakamzika, na alama nyekundu bado zipo.

Kisha Senyora akapiga akasema maneno mawili kwa Kireno ambayo kwa Kiswahili ni moja tu. Kaitika.

Nilimwambia mama. Aliniuliza kama kala. Nikasema sijui. Akaenda jikoni akawasha moto, wakati kaka bado yuko ng'ambo ya bahari nzima, akabandika sufuria, akakaa anaitazama.

Walimpitisha Maputo, wakampa koti, wakampandisha ndege mpaka Pemba, halafu gari mpaka Palma. Ningeomba hadithi iishe garini. Aliposhuka pale barabarani alikuwa kama mtu aliyetolewa hewa, koti limesimama peke yake juu yake. Alimshika mama mkono. Alinishika mie kichwa. Sikusikia kitu, nasema tena, nilikuwa kama gogo, nilichoona ni kwamba vidole vyake vimekuwa safi. Sijawahi kuona vidole vyake safi.

Siku hiyo hiyo palikuwa na mkutano wa gesi uwanjani, wakubwa wapo, kamera zipo. Wakasema hapo hapo watampokea kwa heshima, watu waone serikali yao haimtupi mtu. Mie nikajua. Nikakimbia kwa kijana mmoja wa itifaki, mpanga wageni, nikamshika mkono wa shati. Nikamwambia kwa Kireno changu cha tamthilia, kaka yangu msimwite kwa jina la karatasi. Semeni ndugu yetu, semeni fundi, semeni lolote. Akanambia dada tulia, nimeelewa. Akaenda, nikamwona anamnong'oneza mkubwa, mkubwa anaitikia kwa kichwa anatabasamu.

Kisha mkubwa akashika kipaza sauti, akafungua bilhete mpya iliyotoka Maputo, akaita jina. Palma nzima ikasikia. Wanawake walikuwepo, watoto walikuwepo, wale wa kumbi moja na kaka walikuwa wamesimama kwenye kivuli cha lori. Kipaza sauti kikakwaruza, mkubwa akadhani halijasikika, akaita tena kwa nguvu.

Kaka akasimama wima, mikono ubavuni.

"Presenti," akasema, yaani nipo, kama shuleni.

Mama alivuta kanga akafunika uso. Kuna mwanamke mgeni mmoja alipiga kigelegele, akaona yuko peke yake, akanyamaza.

Wiki iliyofuata wale wa kumbi moja walikaa kikao, mwenye vocha ndiye msemaji. Walisema kule Yemeni wangeweza kufumba macho, ugenini ni ugenini. Lakini hapa alikuwa nyumbani, kaitwa utoto wake mbele za wanawake, na kaitika kama mtoto. Mjomba akasema nyakanga alimruhusu jina lile mpaka afike nyumbani, na siku ile alikuwa hajakanyaga kizingiti, katoka garini kapelekwa uwanjani. Akasema yeye mwenyewe ndiye aliyeishika simu. Wakamjibu wewe ni wa nyumba yao, na nyakanga kafa, nani mwingine alisikia?

Mie nilikuwa nyuma ya ua. Najua sikutakiwa kuwepo. Nikaingia na simu mkononi, nikaiweka katikati yao kwenye mkeka. Nikasema sauti yake hii hapa, mie natoka, ninyi bonyezeni msikilize.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Mwenye vocha alisema maneno ya kumbi hayakai kwenye simu. Yeye, anayekula kwa simu. Nikamwambia kama kuna mtoto pale basi ni yeye, na nikataja na kipande gani cha mwili wake nina mashaka nacho. Mjomba akatozwa jogoo kwa ajili ya mdomo wangu. Alilipa bila kugeuza shingo, na tulipofika nyumbani akanambia ningeongeza maneno, jogoo angekuwa yule yule.

Sasa kwenye harusi, sinia la wanaume likitua, kaka akikaa wenzake wanakumbuka kwamba wameshiba. Mashine za boti zao zikiharibika wanamtumia kwa mkono wa mtu, hawaji wenyewe. Anazitengeneza. Jina lake la mtu, lile la nyakanga, siku hizi analisikia kwa mama na mjomba tu.

Na kazi kapata, mjue na hilo. Mkubwa alimwombea kambini, maana habari yake ilitoka na picha. Sasa ni fundi wa magari ya kambi, wala hakuna aliyemuuliza cheti. Tunatoka pamoja alfajiri, tunasimama foleni moja getini, yeye na mie na mashuka yangu. Mlinzi anaita watu kwa vitambulisho. Linaitwa lile jina, kila siku ya Mungu, na wa Palma wote waliopo foleni wanatazama chini wanangoja.

"Presenti," anasema kaka. Anaingia.

Juzi nilimuuliza, tumekaa tunangoja geti lifunguliwe. Nikamuuliza mzee alikwambia nini kwenye ile simu. Akasema unajua siwezi kukwambia. Nikasema najua, nilikuwa naulizia tu. Akakaa, akakwangua kucha, zimeshachafuka tena.

"Mwishoni alikohoa," akasema. "Akamuuliza mjomba kama yule redio kashaondoka."

Nilicheka peke yangu. Yeye alikuwa kashageuza sikio kule getini, anasubiri kuitwa.

Kwa hiyo mie nawauliza ninyi wa kahawa, na wewe unayesoma, ambaye pengine jina lako halijawahi kupita motoni. Asipoitika, kawakana wa kwao. Akiitika, si mwanamume. Ulitaka aitike, au asiitike?